Shavu la Kulia la Mama Huruma

Waliokuwepo Jumapili ya kwanza ya mwezi wa Juni, saa tisa alasiri, barazani kwa Gervas, Kitangari wilayani Newala, walikuwa hawa: Bi Sijaona, mama mwenye mji, Gervas, mwanawe wa kwanza, Dunstan, mwanawe wa pili, aliyeandika, Dorika, mke wa Dunstan, na Yasinta, mke wa Gervas, aliyesikilizia jikoni. Huruma, binti pekee wa Gervas na Yasinta, hakuwepo. Alikuwa shule ya bweni karibu na Lulindi.

Orodha hiyo iliandikwa na Dunstan katika daftari la familia. Iweke akilini, ndugu msomaji, hasa mahali lilipokaa jina la Yasinta.

Ilikuwa alasiri tulivu. Upepo wa kusi ulipanda kutoka bondeni, mikorosho nyuma ya nyumba ilikuwa imechipua majani mapya yenye wekundu, na sinia la mihogo ya kuchemsha lilizunguka toka mkono hadi mkono. Mambo yaliyojadiliwa yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa siku ya kuanza kupulizia salfa, ule unga wa manjano unaozuia ugonjwa wa ubwiriunga usiteketeze maua ya korosho. Walikubaliana waanze Alhamisi ya tarehe kumi na tisa. La pili lilikuwa kipaimara cha Huruma, mwezi Agosti, siku ambayo Askofu angefika na familia nzima ingepigwa picha.

Yasinta alitoka jikoni na birika la chai. Dunstan alimtazama, akatikisa kalamu hewani.

"Shemeji, safari hii mpiga picha tumwambie akuweke upande gani? Maana sisi wakulima tuna utaratibu wetu. Daraja la kwanza tunalimwaga juu ya turubai watu waone. Daraja la pili tunalifunikia gunia!"

Wote walicheka. Dorika alipaliwa na muhogo. Gervas alicheka huku akitazama chini. Yasinta mwenyewe ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote, akamimina chai bila kumwaga hata tone, akarudi jikoni.

Jina hilo la Daraja la Pili alikuwa nalo tangu alipoolewa, miaka kumi na sita iliyopita. Kila mtu wa Newala anajua kwamba korosho zenye madoa na makunyanzi hutengwa ghalani, huuzwa peke yake. Yasinta alipokuwa na miaka tisa alichuchumaa karibu mno na bati la kukaangia korosho. Maganda yalipopata moto yalitema mafuta yake, nayo mafuta hayo hula ngozi kama tindikali. Shavu lake la kulia lilibaki na vishimo na mikwaruzo, kuanzia chini ya jicho hadi karibu na mdomo. Ukutani kwa Gervas zilitundikwa picha nne: harusi, ubatizo, sikukuu ya Krismasi na mahafali ya Huruma ya darasa la saba. Katika zote nne Yasinta anatazama kulia, kana kwamba kuna mtu anayemwita kutoka nje ya picha.

Alitaka picha moja tu anayotazama mbele. Hilo ndilo alilolitaka, wala hakuwahi kumwambia mtu.

*

Mwezi wa Mei alikuwa amemwendea Daktari Selestina, mtaalamu wa ngozi ambaye kila Jumanne ya pili ya mwezi alishuka Masasi kuona wagonjwa. Daktari alilichunguza shavu kwa taa na kulipapasa kwa kidole kimoja.

"Lipo la kufanya," alisema. "Nina kifaa chenye sindano nyembamba sana, nyingi, kinachotoboa ngozi vitundu vidogo vidogo. Ngozi ikijiponya, inajenga nyama mpya, na vishimo vinajaa kidogo kidogo. Mara moja haitoshi. Ni mara nne au zaidi, na kila mara ni subira. Sasa nijibu kwa utaratibu. Una kovu lolote mwilini lililovimba likapita mipaka ya kidonda?"

"Hapana, daktari."

"Unapaka krimu za kung'arisha?"

Yasinta alisita. "Moja. Usiku."

"Iache leo. Ukija na krimu hiyo usoni, mimi sikugusi. Kazi yako?"

Hapa ndipo kosa lilipoanza, na ni kosa ambalo mtu wa Dodoma, asiyejua msimu wa salfa, asingeweza kulifanya. Daktari alikuwa ameishi kusini miaka ya kutosha. Kabla Yasinta hajajibu, aliongeza: "Kama ni mkulima wa korosho, tutasubiri mpaka Septemba. Simtoboi mtu uso msimu wa salfa."

Septemba ilikuwa baada ya Agosti. Kipaimara kingekuwa kimepita.

"Mimi ni fundi cherehani," alisema Yasinta. "Nashona ndani."

"Vizuri. Na nyumbani, yupo atakayekupikia na kukuchotea maji siku mbili tatu? Hutakiwi moshi, jua, vumbi wala jasho kwa wiki nzima."

"Wapo. Wanajua wote."

Hakuna aliyejua. Hata hivyo alirudi Kitangari akiwa bado na wasiwasi, akaiacha krimu, akangoja. Ule utani wa birika la chai ndio uliomwamulia. Jumanne ya tarehe kumi alimwambia Gervas anakwenda kumpelekea Huruma sabuni na daftari. Gari lilipopita njia ya shule aliinamisha kichwa, akaendelea hadi Masasi.

Daktari Selestina alifanya kazi yake kwa ukamilifu. Alimwosha uso, akampaka dawa ya ganzi, akamwacha alale muda wa kutosha hadi shavu likawa kama la mtu mwingine. Kisha kifaa kikaanza kunguruma na kupita, huku na huku, kikiacha vitone vyekundu. Yasinta alihisi mitetemo, si maumivu. Alitazama dari akafikiri kwamba ni miaka mingi tangu mtu alipomshika shavu hilo kwa upole namna ile.

Alipewa bomba moja la mafuta yasiyo na manukato, na jingine la kuzuia jua, ambalo angeanza kulitumia siku ya tatu. Alipewa pia karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: asioshe uso kwa sabuni siku tatu, aoshe kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, asikae juani wala kwenye moshi, aepuke vumbi na jasho, asibandue ngozi itakayochubuka, akiona usaha au uvimbe unaoongezeka, apige simu saa hiyo hiyo.

"Uwekundu utaondoka siku ya tatu au ya nne," alisema daktari. "Usiogope. Na usijifiche na kioo chumbani ukajitazama kutwa. Kaa na watu wako."

Yasinta aliikunja karatasi mara nne, akaiweka ndani ya Biblia.

*

Hesabu yake ya siku ilikuwa safi. Kutoka tarehe kumi hadi tarehe kumi na tisa ni siku tisa, na daktari alitaka saba. Jumatano alijitanda kitenge hadi puani, akasema jino linamuuma. Alipika akiwa amesimama mlangoni mwa jiko, akinyoosha mkono kukoroga kwa mwiko mrefu. Gervas alimwambia apumzike, akaenda zake shambani. Jioni ile Yasinta alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akajipaka mafuta mbele ya kioo cha mkononi, na kwa mara ya kwanza alitamani kumwita mtu aje aone. Alimfikiria mumewe, akamfikiria Dorika. Alikifunika kioo.

Alhamisi saa moja jioni Dunstan alifika mbio, hata salamu hakumaliza.

"Kaka, ubwiriunga umeingia! Shamba la chini, mikorosho sita imeshapata unga mweupe. Tukingoja tarehe kumi na tisa hakuna ua litakalobaki. Kesho alfajiri tunapuliza. Mimi na mashine, wewe na ngazi, Dorika anachota, shemeji anajaza salfa."

"Mama Huruma ana jino," alisema Gervas.

"Jino halibebi gunia! Au Daraja la Pili siku hizi linachagua kazi?"

Yasinta alikuwa nyuma ya pazia. Sentensi moja tu ingetosha: nimetibiwa uso, siwezi. Lakini sentensi hiyo ilikuwa na nyingine nyuma yake, na nyingine nyuma ya hiyo: ulitibiwa wapi, lini, kwa nini, unataka uzuri wa nini mwanamke mzima? Alizisikia zote kwa sauti ya Dunstan, pamoja na kicheko.

"Nitakuja," alisema.

Jiulize, ndugu msomaji, ni nyumba ya namna gani ambayo ndani yake mtu anaona heri kutia unga wa salfa kwenye ngozi iliyotobolewa kuliko kusema neno moja mbele ya ndugu zake.

Walianza kabla ya jua, umande ukiwa bado umelala kwenye majani. Mashine ilinguruma, wingu la manjano likapanda juu ya mikorosho na kushuka taratibu juu ya watu. Yasinta alipasua magunia, akajaza tangi, akafunga, akajaza tena. Kitenge kiliroa jasho. Jasho liliuchukua unga na kuuingiza mahali ambapo daktari alikuwa amepatengeneza kwa ajili ya kupona. Saa nne jua likawaka. Saa sita shavu lilikuwa linawaka zaidi ya jua. Alipofika nyumbani hakungoja kuchemsha maji. Alichota ya pipa, akachukua sabuni ya kufulia, akasugua.

Jumamosi asubuhi jicho la kulia halikufunguka.

*

Aliwaambia ni malaria. Alilala akiuelekea ukuta, chandarua kimeshushwa, na karatasi ya daktari ikiwa umbali wa mkono mmoja, ndani ya Biblia. Kupiga simu kulimaanisha kusema "mimi si fundi cherehani". Hakupiga.

Jumapili alasiri Gervas alimpigia simu mlezi wa bweni kuulizia mahitaji ya Huruma. Aliingia chumbani na simu bado mkononi.

"Mama Huruma. Jumanne ulikwenda wapi?"

"Lulindi."

"Mlezi anasema hukufika."

Yasinta alibaki akiutazama ukuta.

"Nakuuliza kwa amani," alisema Gervas. "Ulikwenda kwa nani?"

Ndipo Yasinta alipoelewa mumewe alikuwa anafikiri nini. Jambo hilo lilikuwa mbali sana na akili yake. Angegeuka tu, Gervas angeona kila kitu. Hakugeuka.

"Sawa," alisema Gervas. Alichukua mkeka na blanketi, akahamia kwenye kibanda cha shambani.

Zikafuata siku tatu ambazo Yasinta hazisahau. Chakula kililetwa mlangoni, kikaondolewa nusu. Dirisha la chumba linatazama njia ya kwendea maji, na kila mtu aliyepita alipunguza sauti alipolikaribia, kisha akaipandisha alipolipita. Safari moja aliitambua sauti ya Dorika.

"Malaria gani? Amejichubua huyo, krimu imemuumbua. Ndiyo maana mume kahama."

"Makubwa haya!" alijibu mwenzake, ndoo zikagongana.

Jumatano mlango ulifunguliwa bila hodi. Alikuwa Bi Sijaona, na kikombe cha mafuta ya mbarika mkononi. Uso wa Bi Sijaona, kama mnavyojua nyuso za wazee wachache waliobaki, umechorwa nembo tangu ujana wake: mistari iliyovunjika kama meno ya msumeno, kutoka kwenye paji hadi kidevuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Geuka."

"Nina homa, mama."

"Nimezaa saba, homa naijua. Chumba kinanuka kidonda. Geuka."

Yasinta aligeuka. Bi Sijaona hakushtuka. Alisogeza taa, akainama, akatazama kwa muda mrefu, kisha akachovya kidole kwenye mafuta.

"Hapana! Mama, usiniguse. Daktari amekataza kitu chochote."

"Daktari yupi?"

Ikawa hivyo. Neno lilikuwa limetoka lenyewe. Yasinta aliitoa karatasi kwenye Biblia, na kwa kuwa mama mkwe wake hakujua kusoma, alimsomea yote kwa sauti, kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Alipofika penye jua, moshi, vumbi na jasho, alirudia mara mbili.

Bi Sijaona alikiweka kikombe sakafuni.

"Walinichanja huu uso nikiwa kigoli," alisema. "Kisu na masizi. Ulivimba, nikawa siwezi kutafuna. Lakini unajua nilikuwa na watu wangapi? Mmoja ananipepea nzi, mmoja ananitafunia muhogo, wengine wanaimba nyimbo za kipuuzi ili nisilie. Shangazi yangu alinikalia mlangoni, anafukuza wanaume. Ningekuwa peke yangu ningekufa kwa upweke kabla ya kidonda." Alimtazama mkwewe. "Wewe umetobolewa uso, halafu umekwenda kujaza salfa. Kwa nini hukusema?"

"Mngecheka."

Bi Sijaona pia alikuwa amecheka barazani.

"Mpigie huyo daktari," alisema. "Mbele yangu."

Daktari Selestina alisikiliza hadi mwisho. "Dada Yasinta, nilikuuliza kazi yako."

"Niliogopa ungenirudisha."

"Ningekurudisha, ndiyo. Ningekurudisha mpaka Septemba, si milele. Usipake mafuta yoyote. Nenda hospitali Newala leo hii, wasafishe wakuanzishie dawa. Nitazungumza nao mimi mwenyewe."

Bi Sijaona alimwita Gervas kutoka kibandani kwa sauti iliyofika shamba la jirani. Gervas aliingia, akaliona shavu, akasimama kama aliyepigwa.

"Jumanne nilikuwa Masasi," alisema Yasinta. "Kwa daktari wa ngozi. Nilitaka picha ya kipaimara nitazame mbele."

Gervas aliketi sakafuni. "Miaka kumi na sita," alisema. "Miaka kumi na sita Dunstan anasema lile neno, na wewe unacheka. Nilidhani unalipenda."

"Nilikuwa nacheka ili mmalize."

Gervas alinyanyuka, akafungua mwavuli mweusi wa kanisani humo humo chumbani, akamshika mkewe mkono, wakatoka nje juani mbele ya macho ya njia nzima ya maji, mwavuli ukiwa juu ya shavu la kulia.

Kidonda kilikauka. Lakini pale palipotobolewa ili papone pamebaki doa jeusi, pana kuliko kovu la kwanza. Daktari anasema doa litafifia, labda kwa mwaka, labda zaidi. Hakuahidi.

FUNZO

Ndugu zangu wa uwanda huu, hadithi hii haisemi kwamba tiba ya sindano ni mbaya, wala kwamba mwanamke akae na kovu lake na kushukuru. Tiba ilifanywa na mtu aliyesomea, kwa mikono safi na maelekezo sahihi. Kilichoiharibu ni uongo wa maneno manne kuhusu kazi, na hofu iliyouzaa uongo huo. Unapokwenda kutibiwa, mweleze mtaalamu unachofanya, unachopaka na msimu unaokungoja nyumbani, hata kama jibu lake litakuchelewesha. Uso uliotobolewa unahitaji kivuli, maji yaliyochemshwa na siku za kutofanya kazi, na hakuna mtu anayeweza kujipatia vitu hivyo kwa siri katika nyumba ya watu watano.

Na sisi tunaocheka, tusijitetee kwamba aliyetaniwa alicheka pia. Tumtazame anaporudi jikoni. Utani unaomfanya mtu ajifiche ndani ya nyumba yake mwenyewe hauna jina jingine ila ukatili, hata ukisemwa kwa mapenzi na shemeji.

Limebaki jambo moja. Jumapili ya mwisho ya Julai kilifanyika kikao kingine barazani kwa Gervas. Waliokuwepo walikuwa walewale, lakini safari hii chai ilimiminwa na Dorika, naye alipompa Yasinta kikombe alimpa kwa mikono miwili. Dunstan alifungua daftari, akaandika majina, akanyanyua kichwa. Tangu siku ya mwavuli hakuwa na utani wowote.

Yasinta alikuwa kwenye kiti, katikati, mwanga wa alasiri ukimwangukia upande wa kulia.

"Andika, shemeji," alisema. "Kwanza, kwenye picha ya kipaimara nitasimama karibu na Huruma, na nitatazama mbele na shavu hili hili lilivyo. Pili, salfa ikiisha, Septemba, nitarudi Masasi kumuuliza daktari kama ngozi iko tayari. Akisema tusubiri, tutasubiri. Akisema tuanze, nitakaa ndani siku saba. Dorika atachota maji yangu, wewe utafanya kazi yangu ya shambani, na mama atakalia mlango. Tatu, mimi naitwa Yasinta. Mama Huruma pia nitaitika. Jina jingine sitaitika tena, wala sitacheka."

Dunstan aliandika yote matatu. Kisha, bila kuambiwa, alirudi juu ya ukurasa ambako alikuwa ameliweka jina la shemeji yake mwisho kwa mazoea. Alilikata kwa mstari mmoja, akaliandika upya, chini ya la Bi Sijaona.